Kiingereza cha mdomoni nacho kina sheria zake

Jamani karibuni, wale wa nyuma sogeeni kidogo maana spika moja haifanyi kazi. Leo naongelea sarufi ya Kiingereza, ile ya kwenye daftari na ile ya mdomoni, na msimamo wangu nausema mapema kabisa: Kiingereza cha kuongea sio Kiingereza kibovu, kina sheria zake na zinabana kweli kweli.

Chukua "gonna". Wengi wanasema ni uvivu tu wa kutamka "going to", kama sisi tunavyosema ntakuja badala ya nitakuja. Haya, "I'm gonna eat" iko poa. Sasa sema "I'm gonna town". Haipo! Hakuna Mwingereza wala Mmarekani anayeongea hivyo, hata ambaye shule hajaikanyaga, kwa sababu "gonna" inataka kitenzi kifuate, ukiipa mahali inagoma. Na hiyo sheria hakuna mwalimu aliyemwandikia ubaoni, kaishika nyumbani akiwa mdogo.

Twende Marekani kwa watu weusi, hapa naomba mnisikilize vizuri maana watoto wameumia sana kwa jambo hili. Mtoto anasema "he be working", mwalimu anachora wino mwekundu anaona hajui kitenzi. Kumbe anajua! "He working" maana yake yuko kazini sasa hivi, "he be working" maana yake huwa anafanya kazi, ndo kawaida yake. Sisi tuna hu- ya "hufanya kazi" kwa hiyo tunaelewa haraka tu, ila Kiingereza cha shuleni hakina alama maalum kama hiyo ya "be", kinasema "he works" au kinaongeza neno kama "usually". Mtaalamu wa lugha William Labov alikaa na vijana weusi wa Harlem, mtaa wa New York, miaka ya 60 akirekodi maongezi yao, akaonyesha kwamba lugha yao ina mpangilio kamili. Kule Ann Arbor, Michigan, wazazi walienda mahakamani na mwaka 1979 jaji Charles Joiner akaamua kwamba shule lazima iijue lugha ya nyumbani ya hao watoto na iitumie hiyo elimu kuwafundisha kusoma Kiingereza rasmi. Kiingereza rasmi kilibaki palepale, sema mtoto haanzi tena na lawama.

Sasa zile sheria za daftarini zimetoka wapi? Mfano ile ya kutomaliza sentensi na "to" au "from". Mshairi John Dryden mwaka 1672 alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, ambaye alishakufa zamani, kwa kumaliza hivyo. Halafu 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa London, akatoa kitabu cha sarufi, na watu wanamtupia lawama zote ila mzee wa watu alikuwa mpole, alisema kwenye maongezi na maandishi mepesi ni sawa tu, kuitanguliza hiyo "to" kunapendeza zaidi kwenye maandishi mazito, na hapo hapo anapoeleza hilo kipande cha kwanza cha sentensi yake kinaishia na "to". Yaani alitenganisha sehemu mbili, waliokuja baadaye ndo wakaifanya kosa kila mahali.

Kwa nyie mnaotafuta kazi, iko hivi. Barua ya maombi andika "I am writing", andika "to whom", usifupishe, huko ndo kwake. Ukishaingia ofisini ukamwambia mwenzako "To whom should I send it?" atakuelewa ila atahisi unamsomea barua, sema "Who should I send it to?" na usiogope kabisa, hata maprofesa wa Uingereza wanaongea hivyo. Sentensi zote mbili zifanyieni mazoezi kwa sauti, sio kwa kusoma kimya kimya.

Haya maswali, naanza na dada pale dirishani.