Mateka Aliyerudi Kutawala: James wa Kwanza wa Uskoti

Mabibi na mabwana,

Habari za James wa Kwanza wa Uskoti hazieleweki pasipo kuanzia kifungoni, kwa maana hata kifo chake, kwa maoni yangu, asili yake ni huko.

Mnamo 1406 baba yake, Mfalme Robert wa Tatu, alikwisha kumpoteza mwanawe mkubwa, David, aliyefia kizuizini mikononi mwa ami yake, Mtawala wa Albany. Kwa kuhofia kilichobaki, James, ambaye hakuwa ametimiza miaka 12, alipakiwa katika merikebu ya Danzig iliyobeba sufu na ngozi ili apelekwe Ufaransa, lakini maharamia wa Kiingereza wakaiteka na kumfikisha kwa Henry wa Nne, mfalme wa Uingereza. Majuma machache baadaye baba akafariki, na kijana akawa mfalme akiwa mateka.

Alikaa hivyo miaka 18. Albany, aliyebaki akiiongoza nchi, alikuwa na mwana wake mwenyewe, Murdoch, katika mikono hiyo hiyo ya Waingereza. Mwanawe huyo alimkomboa, lakini James, mtoto wa nduguye, akamwacha. Mwaka 1420 Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza baada ya Henry wa Nne, alimchukua James hadi Melun, huko Ufaransa, ambako Waskoti walikuwa miongoni mwa walinzi wa mji, na mji ulipoanguka wakanyongwa kwa hoja kwamba wamemwasi mfalme wao, naye mfalme huyo yupo pale pale, hana uwezo wa kuwaokoa.

Aliachiliwa 1424 kwa pauni 40,000, zilizoitwa gharama za matunzo yake. Mwaka uliofuata akamkata kichwa Murdoch pamoja na wanawe wawili huko Stirling. Alitunga sheria nyingi na kuwabana wakuu waliozoea kujitawala, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini fidia aliilipa sehemu ndogo tu, ilhali kodi ilikusanywa na jumba la fahari likajengwa Linlithgow, na wana wa wakuu waliowekwa rehani Uingereza kwa ajili yake wakaachwa huko, wengine hadi kufa. Mtu aliyeyajua machungu ya kusahauliwa ugenini hakupaswa kuwatendea wenzake hivyo.

Usiku mmoja wa Februari 1437, katika nyumba ya watawa huko Perth, wauaji walimfuata chumbani. Aling'oa mbao za sakafu akashuka katika mfereji wa maji machafu, ambao tundu lake la kutokea alikuwa ameliziba mwenyewe siku chache kabla kwa sababu mipira yake ya tenisi ilikuwa ikipotelea humo; wakamkuta na kumuua. Aliyewafungulia njia alikuwa Robert Stewart, mtumishi wa chumba chake, mjukuu wa Mkuu wa Atholl. Baba yake Robert, David, alikuwa mmoja wa wale waliowekwa rehani mwaka 1424, na alifia Uingereza miaka mitatu kabla ya usiku huo, bado hajakombolewa.