Tiba ya ndoa "iliyothibitishwa": imepimwa na nini, na mpaka lini?

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunalishika neno ambalo wanasihi wa ndoa hupenda kulitumia: "tiba iliyothibitishwa". Kaka Baraka, ithibati yenyewe hupatikanaje?

BARAKA: Ahsante dada. Mimi huuliza kwanza: ililinganishwa na nini, na wenzi walifuatiliwa mpaka lini? Chukua utafiti wa Andrew Christensen na Neil Jacobson wa Marekani. Jozi 134 za wanandoa wenye mgogoro mzito wa muda mrefu ziligawanywa kwa kura katika tiba mbili, vikao visizidi 26. Wanasihi walewale walitoa tiba zote mbili, kwa hiyo huwezi kusema upande mmoja ulipata mnasihi hodari zaidi.

ZUHURA: Tiba zipi?

BARAKA: Moja ni tiba ya tabia ya zamani: wenzi hufundishwa kutendeana mema, kusikilizana na kutatua tatizo hatua kwa hatua. Nyingine ni tiba jumuishi, ambayo inaongeza kupokeana. Kuna tofauti zisizoisha, na wenzi wanajifunza kuishi nazo bila kuumizana.

ZUHURA: Hapo tukae, maana wengi huruka hatua. Katika tiba jumuishi, vikao 3 vya mwanzo ni vya uchunguzi: kimoja cha pamoja, kisha kila mmoja peke yake. Cha 4 mnasihi anawaeleza alichokiona. Kikao cha peke yake ndipo unapouliza kuhusu kipigo. Ukimuuliza mke mbele ya mume anayempiga, atakana. Na akisema kweli, anaweza kuadhibiwa wakifika nyumbani.

BARAKA: Na kazi yenyewe ikianza?

ZUHURA: Mke anasema, "Hunijali, simu ndiyo mke wako!" Mnasihi hakimbilii kumsahihisha. Anauliza: "Ukimwona ameinamia simu, moyoni unapata nini?" Mara nyingi chini ya hasira kuna upweke. Mume akirushiwa lawama hujitetea. Akisikia "najiona niko peke yangu humu ndani", ana mahali pa kuanzia. Mnasihi akiharakia ufumbuzi kabla ya hapo, wenzi wataitikia ndiyo, na wiki ijayo watarudi na ugomvi uleule.

BARAKA: Sasa matokeo. Tiba ikimalizika, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 71 kwa tiba jumuishi na 59 kwa ile ya zamani. Baada ya miaka 5: 50 na 46. Waliotengana au kuachana walikuwa kama robo, pande zote mbili.

ZUHURA: Pengo karibu limefutika! Ndiyo maana shukrani za kikao cha mwisho haziwezi kuwa ushahidi.

BARAKA: Hata "nafuu ya maana" ina kanuni yake. Dodoso la Graham Spanier la 1976 lina maswali 32, alama 0 hadi 151, na mpaka unaotumika sana kati ya ndoa yenye dhiki na isiyo nayo ni kama 97. Tuseme mtu ametoka 92 hadi 99. Amevuka mpaka, lakini ukipiga hesabu kwa mchepuko sanifu (alama za watu zinavyotawanyika) wa 17.8 na uthabiti wa dodoso (lisivyoyumba katika kupima) wa 0.96, alivyoviripoti Spanier, badiliko lisilofika alama 10 laweza kuwa kuyumba kwa kipimo tu. Huyo hawezi kuhesabiwa kuwa amepona.

ZUHURA: Na kuna kosa la kuhesabu jozi 134 kama watu 268 wanaojitegemea. Mume na mke huathiriana; hesabu ikiwatenganisha, tofauti ndogo itaonekana ya uhakika kuliko ilivyo. Halafu kuna waliokatisha tiba. Ukiwafuta, unabaki na waliokuwa wakipata nafuu. Wahesabiwe kwenye kundi walilopangiwa na kura.

BARAKA: Na vikao virekodiwe, mtu mwingine asikilize kama tiba iliyoandikwa ndiyo iliyotolewa.

ZUHURA: Kwetu Afrika Mashariki kuna Tuko Pamoja ya Eldoret, Kenya, tiba ya familia inayotolewa na wanasihi wasio wataalamu, ndani ya jamii yao. Utafiti wa mwanzo ulifuata familia 10, kila moja ikipimwa mara kwa mara.

BARAKA: Familia 10 zinatosha kuonyesha kwamba tiba inaweza kutolewa na kupokelewa. Kujua kama inazidi kitu kingine kunahitaji kundi la kulinganisha, na kura.