Kiti cha mpiga gitaa: mhadhara kuhusu Red Hot Chili Peppers

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimepewa muda mfupi nizungumzie Red Hot Chili Peppers, bendi ya roki ya Marekani, na hautoshi hata kuwataja wote waliopita humo. Wapiga dramu wataniwia radhi, leo nashika kiti kimoja tu: cha mpiga gitaa. Tangu 1983 kimekaliwa na watu 8. Mwimbaji Anthony Kiedis na Flea wa besi hawajabadilishwa hata mara moja.

Wa kwanza ni Hillel Slovak. Yeye, Kiedis na Flea walisoma pamoja shule ya Fairfax, Los Angeles. Flea enzi hizo alikuwa mpuliza tarumbeta, mtoto wa jazi. Slovak ndiye aliyemshawishi ajifunze besi. Kwa hiyo hata ile besi inayowarusha watu leo, mzizi wake uko kwa mpiga gitaa.

Lakini albamu ya kwanza, ya 1984, Slovak hayumo! Yeye na mpiga dramu Jack Irons walikuwa na bendi nyingine iliyopata mkataba, na hii ya kina Kiedis waliiona kama kazi ya pembeni. Akaingia Jack Sherman, kisha Slovak akarudi. Wale wanne wa mwanzo, yaani Kiedis, Flea, Slovak na Irons, walirekodi pamoja albamu moja tu, ya 1987. Juni 1988 Slovak akafariki kwa heroini, akiwa na miaka 26. Irons msiba ulimzidi, akaondoka. Miaka baadaye tunamkuta Pearl Jam, bendi nyingine ya roki.

DeWayne McKnight alikaa kidogo, halafu kiti kikamwangukia kijana wa miaka 18, John Frusciante, shabiki wao wa kutupwa. Hapa tutulie.

Sikilizeni mwanzo wa "Under the Bridge". Gitaa liko peke yake, linatembea taratibu kama mtu asiye na pa kuwahi, ndipo sauti inaingia. Na hii ni bendi iliyozoeleka kwa makelele na kupanda jukwaani nusu uchi! Mwaka 1992 wimbo ukafika namba 2 Marekani. Bendi ikafurahi, Frusciante akanyong'onyea. Umaarufu ulimkaa vibaya. Februari mwaka huo, kwenye matangazo ya moja kwa moja ya Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, aliupiga ule mwanzo kivyake kabisa, Kiedis akawa anatapatapa kutafuta pa kuingilia. Mwimbaji alikuja kueleza kwamba alijiona amehujumiwa. Mei, wakiwa ziarani Japani, kijana akaaga.

Arik Marshall na Jesse Tobias walipita haraka. Dave Navarro, aliyetoka bendi ya Jane's Addiction, alileta gitaa zito lenye kiza, na albamu ya 1995 watu bado wanaisema. Mimi naipenda. Kosa lake kubwa ni kwamba Navarro si Frusciante.

Huyo Frusciante mwenyewe alikuwa amezama kwenye dawa za kulevya kiasi cha kuponea chupuchupu. Mwaka 1998 Flea akamfuata, akamwomba arudi. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya Californication, iliyouza nakala zaidi ya milioni 15. Chukueni solo za "Scar Tissue": noti chache, zinavutwa polepole, katikati pameachwa nafasi. Mwenye vidole vyepesi angepajaza pale, na wimbo ungeharibika.

Akaondoka tena 2009. Aliyepokea ni rafiki yake, Josh Klinghoffer, aliyekuwa tayari akiwasaidia jukwaani. Alidumu miaka 10 na albamu mbili, akapokelewa pamoja nao kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, mwaka 2012. Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Frusciante anarudi, Klinghoffer akafungasha. Naona hakupewa haki yake, ingawa albamu mbili za 2022 nazisikiliza kila wiki, sitawaficha.

Na mnajua Klinghoffer alielekea wapi? Akaenda kuwapigia Pearl Jam ziarani, mlango uleule alioupitia Irons. Haya, maswali. Yule bwana wa nyuma mwenye fulana ya Nirvana, nimekuona tangu mwanzo.