Mizani Iko Mkononi mwa Nani?

Nawasalimu nyote, wanafunzi, pamoja na baba na mama mliofunga maduka ili mje kusikiliza.

Maadili ya biashara wengi huyaeleza kama jambo la moyo: mwema atauza kwa haki, mbaya ataiba. Maelezo hayo hayanitoshi. Hapa Lubumbashi makanisa hujaa kila Jumapili, na Jumatatu unga unapimwa kwa meka, lile kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako. Watu ni wale wale. Basi tutafute sababu pengine.

Tazameni madini ya kobalti kule mji wa Kolwezi. Mchimbaji anafika depo, yaani mahali pa kununulia madini, na mfuko wake. Bei haifuati uzito peke yake, inafuata pia kiwango cha madini yaliyomo ndani ya jiwe. Mnunuzi anachukua kipimo cha mkononi, kile watu wanachokiita Metorex, anakielekeza kwenye mfuko, anasoma namba na kuitamka. Kipimo ni chake, mzani ni wake. Kisha anapunguza kilo kadhaa, anasema ni maji. Mchimbaji ametoka shimoni usiku, ana deni la chakula, na mwenye pikipiki anasubiri pesa yake. Atabisha kwa ushahidi gani?

Sasa chukueni mnunuzi anayetaka kupima kwa haki. Mtasema wachimbaji watamkimbilia. Watamjuaje? Jirani yake anaandika bei kubwa ubaoni, halafu anashusha kiwango kwenye kipimo. Ubao unaonekana na kila mtu, namba ya kipimo anaiona mmoja. Mfuko unakwenda kwa jirani, na mwenye haki anafunga depo. Hapo ndipo uovu unapopata maisha marefu: anayeuacha peke yake ndiye anayeumia kwanza. Mahubiri hayatamlipia kodi ya depo.

Na wakubwa je? Mwaka 2022 Glencore, kampuni kubwa ya kuchimba na kuuza madini, ilikiri huko Marekani kwamba ilishiriki katika hongo kwenye nchi kadhaa, yetu ya Kongo ikiwemo. Desemba mwaka huo ikakubali kuilipa serikali yetu dola milioni 180 kwa mambo ya kati ya 2007 na 2018. Mtoto aliyeanza shule ya msingi 2007 alikuwa amekwisha kuwa kijana wa chuo kikuu. Adhabu inayochelewa hivyo, tena ikatoka kwenye mfuko wa kampuni, mfanyabiashara huiingiza katika hesabu zake kama ushuru mwingine wa njiani. Jambo hili linaniuma, maana aliyepunjwa depo hakuwemo katika makubaliano hayo.

Ninyi wa Polytechnique, kitivo cha uhandisi, mnajua kupima madini. Vyama vya wachimbaji vinahitaji kipimo chao wenyewe, kikaguliwe na mtu asiyenunua wala kuuza, na namba ionekane kwa pande zote mbili kabla bei haijatajwa. Wa sheria, andikeni mkataba wa kulilazimisha hilo. Nitabaki hapa na yeyote aliye tayari kuanza.