Mti wa Afrika kwenye nyumba ya vioo

Mugonile, ndugu zangu wa Mbeya! Shikamoo mama, najua mdogo wangu anakushikia simu hapo Uyole. Niko London, likizo ya siku tatu, na leo nimeingia Kew, bustani ya mimea. Bustani hii ilianza mwaka 1759 ikiwa ya familia ya kifalme, ikaja kuwa ya umma mwaka 1840.

Nje baridi kama ya kwetu mwezi wa sita. Ngoja nifungue mlango huu... Mmeona kamera ilivyoingia ukungu? Joto la Kyela kabisa! Nyumba hii ya chuma na vioo ilijengwa kati ya 1844 na 1848, inapashwa moto ili minazi na michikichi isife kwa baridi.

Sasa njooni huku. Huu mti shina lake limelala, limeegemezwa kwenye vyuma. Utadhani mnazi, kumbe ni saikadi, mmea wa jamii ya kale sana usiotoa maua bali koni. Francis Masson, mkusanyaji mimea wa Kew, aliutoa Afrika Kusini, ukafika hapa mwaka 1775, na mpaka leo unaishi kwenye chungu. Tangu ufike umetoa koni mara moja tu, mwaka 1819. Koni, kama zile za mipaini ya Sao Hill, ila kubwa. Mzee Joseph Banks, mtaalamu mkubwa wa mimea enzi hizo, akaja kuitazama. Mwaka uliofuata akafariki.

Nimesimama hapa robo saa nzima, nawaza uwanda wa Kitulo kule kwetu. Nimezaliwa Uyole, nimekulia Uyole, na sijawahi kupanda zile kona hamsini na saba za Chimala nikaone okidi zinavyochanua peupe, bila kioo, bila moto. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu, na ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Inaniuma. Inaniuma zaidi nikikumbuka viazi vya okidi vinavyochimbwa kwetu na kuvushwa Zambia kupikwa chakula chao kiitwacho chikanda. Simlaumu anayetafuta ada ya mtoto. Ila jamani, ukishang'oa kile kiazi, mwakani ua halipo. Hapa mti mmoja wa kwetu Afrika umebembelezwa karne mbili na nusu!

Mama, Februari nakuja, maua yatakuwa bado yapo. Tunapanda wote, mimi na wewe. Tafuta sweta zito, kule juu kuna baridi kuliko Uyole.