Mtoto wa Kambo Asiyejulikana na Sheria: Kodi ya Marekani kwa Wanaoishi Kinyumba

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliotoka kazini moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa nimejitolea kuwasaidia watu kujaza fomu za kodi hapa Marekani, na kila msimu kuna swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni la aibu: "Naishi na mama mmoja, hatujafunga ndoa. Ana watoto wawili, si wangu wa kuzaa, lakini mimi ndiye ninayewalisha. Naweza kuwaandika wategemezi wangu, yaani watu ninaowatunza, ili nipunguziwe kodi?"

Hakuna aibu hapo. Sheria ina jibu, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Ila faida ya hiyo ndiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na zipo nyumba ambazo imempokonya mama wa watoto fedha nyingi zaidi. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nililokuja kulisema.

Kwanza nikuulize: una hakika hamjaoana? Msinielewe vibaya, nina sababu ya kuuliza. Mke au mume hawezi kamwe kuwa mtegemezi wako, na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, huitambua ndoa iliyofungwa nchi nyingine ikiwa sheria za huko zinaitambua kuwa ndoa, na ikiwa walau jimbo moja la Marekani lingeikubali. Kwa hiyo kama mlifunga nikaha au ndoa ya kimila, na sheria za huko mlikotoka zinaihesabu kuwa ndoa kamili, basi mmeoana hata kama hapa hamjawahi kukanyaga ofisi ya karani wa kaunti. Vilevile majimbo kama Texas na Colorado huweza kuwahesabu watu kuwa mume na mke bila cheti, wakiwa wamekubaliana hivyo na kujitambulisha hivyo mbele za watu. Miaka ya kuishi pamoja peke yake haitoshi. Aliyeoa hufaili, yaani hutuma fomu yake ya kodi, kama aliyeoa, na mengi ya leo hayamhusu.

Sasa tuseme kweli hamjaoana. Mwenzako ataingia kwenye fomu yako kwa mlango ambao sheria inauita wa "ndugu anayestahili". Si lazima awe ndugu wa damu, ila asiyekuwa wa damu lazima awe ameishi nyumbani kwako mwaka mzima, tangu Januari mosi hadi Desemba 31. Akilazwa hospitali au akienda masomoni kwa muda, bado anahesabika yupo. Kipato chake cha mwaka 2025 kiwe chini ya dola 5,200. Hapa wengi hujikwaa. Kinachoangaliwa ni kipato kabla ya kutoa gharama, kwa hiyo mwenzako akipeleka vyakula kwa gari na kulipwa dola 6,000, huwezi kutoa petroli ili ashuke chini ya kiwango. Awe pia raia wa Marekani au mkaazi kwa mujibu wa sheria ya kodi. (Sheria inawataja na wakaazi wa Kanada na Meksiko, ila wale wa kwetu tunaowatumia fedha kila mwezi haiwataji.) Na uhusiano wenu usiwe umevunja sheria ya jimbo. Hilo si maneno matupu: Michigan ilikuwa na sheria ya kale iliyokataza watu kuishi kinyumba, ikafutwa mwaka 2023, na suala hili la wategemezi lilikuwa miongoni mwa hoja za kuifuta.

Halafu kuna matunzo. Lazima uwe umetoa zaidi ya nusu ya matunzo yake ya mwaka: makazi, chakula, matibabu, mavazi, nauli, ada. Anayesema "mimi nalipa kila kitu" namwomba tukae tukokotoe, kwa sababu msaada wa chakula au wa nyumba unaotoka serikalini kwa kawaida huhesabiwa kuwa umetolewa na serikali, hauingii upande wako. Wekeni risiti. Wekeni mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili.

Tuje kwa watoto. Kiswahili chetu kina ukarimu: mtoto wa mwenzangu ni mtoto wangu wa kambo, basi, hakuna anayeuliza cheti. Sheria ya kodi ya Marekani haina neno hilo kwa asiyeoa. Mtoto wa kambo ni wa mke au mume wako wa ndoa. Bila ndoa, mtoto yule mbele ya sheria ni mtu tu anayeishi nyumbani kwako, hata kama wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha baiskeli. Kwa hiyo hata akikubalika kuwa mtegemezi wako, hupati ile nafuu kubwa ya kodi ya watoto, ambayo kwa mwaka 2025 inafika dola 2,200 kwa mtoto. Unapata nafuu ya wategemezi wengine, dola 500. Hupati nafuu ya wenye kipato kidogo kwa ajili yake. Wala hakufanyi uhesabiwe mkuu wa kaya, hadhi ya kufaili inayopunguza kodi. Nimekaa na kaka mmoja aliyekuwa amedai vyote vitatu kwa watoto wa mwenzake, kwa nia safi kabisa, kisha akatakiwa kurudisha fedha alizokwisha kuzitumia kwa watoto walewale. Siku ile sikuwa na neno la kumfariji.

Na hata hizo 500 zina sharti. Watoto wanahesabiwa kwanza kuwa wa mama yao. Wewe unaweza kuwadai tu ikiwa mama halazimiki kufaili, na ama hafaili kabisa, ama anafaili ili kurudishiwa tu kodi aliyokatwa kwenye mshahara. Akidai nafuu ya wenye kipato kidogo kwa watoto hao, mlango wako umefungwa.

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Chukueni mama mwenye watoto wawili wadogo, wote wana namba za Social Security, naye mwaka 2025 amepata mshahara wa dola 9,000. Halazimiki kufaili. Bwana anamwambia, "Wewe acha, nitawaweka kwangu." Bwana atapata dola 1,000 kwa watoto wote wawili. Lakini mama akifaili mwenyewe, nafuu ya wenye kipato kidogo kwa watoto wawili ni asilimia 40 ya mshahara huo, yaani karibu dola 3,600. Sehemu ya nafuu ya watoto inayorudishwa hata kwa asiyedaiwa kodi ni asilimia 15 ya kinachozidi dola 2,500, yaani dola 975. Jumla ni zaidi ya dola 4,500. Nyumba ileile, watoto walewale, tofauti ni dola 3,500 na zaidi! Fanyeni hesabu zote mbili kabla mmoja wenu hajatuma fomu. Kina mama, msikubali kuambiwa "wewe acha" kabla hamjaziona namba.

Mtoto mliyezaa pamoja ni habari nyingine. Huyo ni wako, ndoa iwepo isiwepo, na mmoja wenu atamdai kwa nafuu zote anazostahili. Kubalianeni ni nani. Mkidai wote wawili, IRS itampa yule aliyeishi na mtoto siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, mwenye kipato kikubwa zaidi.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza: mwenzake alihamia kwake Januari 9, hana kazi, na yeye dada ndiye anayebeba nyumba nzima. Dada yangu, kwa mwaka huo hapana, siku nane zimekukatalia. Kwa mwaka unaofuata, mkiwa bado pamoja na hali yake ikiwa ileile, ndiyo. Njoo hapa mbele tukimaliza, nikuoneshe mahali pa kumwandika.