Mtoto Aliyezaliwa Utumbo Uko Nje: Saa ya Kwanza

Wauguzi wenzangu, mama zangu na baba zangu, asanteni kwa kuja. Najua wa Kaliua na Sikonge mmeamkia safari kufika hapa Tabora mjini, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Mtoto anazaliwa, analia vizuri, ila pembeni ya kitovu, mara nyingi upande wa kulia, pana tundu na utumbo umetokea nje, bila kufunikwa na chochote. Hiyo ni gastroskisisi. Ukiona utumbo umetokea kwenye kitovu chenyewe na umevikwa utando, hiyo ni omfaloseli. Huyo achunguzwe na moyo pia.

Ukuta wa tumbo huharibika katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, mama pengine hata hajajua ni mjamzito. Hakurogwa, wala hakuvunja mwiko. Hatari ni kubwa zaidi kwa mama wa chini ya miaka 20, na hapo ndipo panaponiuma: binti amejifungua, ukoo umekaa kikao kumhoji alifanya nini, na mtoto anapoa kitandani.

Utafiti uliotoka mwaka 2021 katika jarida la Lancet, uliofanyika katika nchi 74, ulikuta kwamba katika nchi maskini watoto hawa walikufa 9 kati ya 10. Katika nchi tajiri hawakufika 2 kati ya 100. Ugonjwa ni ule ule, jamani!

Kinachowaua ni baridi, kuishiwa maji na maambukizi, na vyote vinaanzia chumba cha kujifungulia. Kwa hiyo wewe mkunga wa zahanati, usiurudishe utumbo kwa mkono. Usiufunge kwa khanga: kavu itanata, mbichi itampoza. Chukua mfuko safi wa plastiki wa hospitali, mwingize miguu, kiuno na tumbo mpaka kwapani, ufunge bila kubana. Plastiki inazuia joto na maji yasipotee, na inakuwezesha kuutazama utumbo. Ukiwa mwekundu wa waridi, damu inapita. Ukianza kuwa na rangi ya zambarau au nyeusi, mishipa imebanwa. Mweke vizuri upesi. Mlaze ubavu wa kulia, utumbo usining'inie. Kofia, blanketi, mpira wa puani wa kutoa hewa na nyongo tumboni, dripu, antibayotiki. Asinyonyeshwe. Piga simu Kitete, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, kabla gari halijawashwa, ili safari ya kwenda kwa wapasuaji wa watoto, hospitali ya Bugando kule Mwanza, ianze kupangwa.

Mara nyingi utumbo hauingii wote siku hiyo, tumbo ni dogo. Daktari anauweka ndani ya mfuko maalumu unaoning'inizwa juu ya mtoto, na kila siku unashushwa kidogo. Mfuko huo ukikosekana, wapo wapasuaji waliotumia mfuko wa mkojo uliotakaswa, wakaushonea palepale.

Baba mmoja ameniuliza mlangoni kama mama aliyejifungua naye apande gari hilo. Apande, kama hatoki damu nyingi na presha yake iko sawa. Akamue maziwa kila baada ya saa tatu hata kama mtoto bado hanyonyi, maana utumbo unaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na siku utakapoanza, maziwa hayo ndiyo atakayopewa kwanza.